Balbu ya Upande wa Kushoto

Enzi zetu gari lilikuwa la kijiji kizima, hata kama logibuku ilikuwa na jina la mtu mmoja. Kwetu, upande ule wa Sotik unaotazamana na Kisii, mtu huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa na pikapu nyeupe iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla ya kutufikia, na kila mmoja wao aliiachia kidonda chake. Watu waliujua mlio wake kuliko kengele ya kanisa. Ikipiga honi mara moja, ni maziwa, leteni mikebe. Ikipiga mara mbili, kuna mgonjwa, pisheni njia. Ikipiga mara tatu, imekwama kwenye matope, njooni msukume. Sisi watoto tulimwomba Mungu honi iwe ya mara tatu, kwa sababu aliyesukuma aliruhusiwa kurukia nyuma mpaka sokoni.

Pikapu hiyo ilibeba kila kitu. Asubuhi ilibeba maziwa, mchana majani ya chai, na Jumapili ikabeba kwaya nzima, akina mama wakiwa wamesimama na kushikana viuno ili mtu asianguke kwenye kona. Ilibeba mabibi harusi, ilibeba majeneza, na mara moja ilibeba fahali aliyekataa kushuka mpaka kesho yake. Mama mmoja wa Kisii aliyekuwa akituletea ndizi alijifungulia humo, mtoto akapewa jina la baba yangu, na baba akatembea kifua mbele mwezi mzima kana kwamba ni yeye aliyezaa.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya balbu. Januari hii, nikiwa nyumbani kwangu Kericho, niliwasha indiketa ya kushoto ili niingie langoni, nikasikia kwenye dashibodi ule mlio wa tik-tik-tik wa haraka haraka, kama wa mtu aliyechelewa kazini. Mwenye gari anajua maana yake: upande huo balbu moja imekufa. Kesho yake nilikuwa na safari ya Sigor kwa dada yangu Chebet, safari ambayo siikosi mwaka wowote. Nikaingia ndani kutafuta bisibisi. Binti yangu Mercy, ambaye yuko chuo kikuu na anasomea kompyuta, akaniuliza, "Mum, si uite tu fundi? Ama ungoje nicheki video?"

Nikamwambia kazi hiyo niliifanya nikiwa na miaka kumi, bila fundi na bila video. Akacheka, akadhani ni yale mambo yetu ya kusema tulitembea kilomita ishirini kwenda shule tukifukuzwa na fisi. Watoto wetu hawa wanaweza kuongea na mtu aliye Japani wakiwa wamelala kitandani, lakini ukiwapa bisibisi wanaishika kama kijiko cha uji. Basi wacha niwasimulie ninyi, wenzangu wa umri huu, mtakaoniamini.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Chebet, kifungua mimba wetu, alikuwa amepata nafasi ya Form One katika shule moja ya bweni ya wasichana, huko chini Chepalungu, ng'ambo ya Sigor. Aliipata kwa jasho. Mwaka uliotangulia alikosa kwa alama chache, akarudia darasa la nane pamoja na watoto aliowazidi kimo, akawa anakaa nyuma kabisa na kuinama ili asionekane. Kwa hiyo barua ilipofika, mama aliifunga kwa kitambaa akaiweka ndani ya Biblia. Kila jioni baada ya chakula aliitoa, baba akaisoma upya, kana kwamba maneno huenda yamebadilika mchana. Kulikuwa na mstari mmoja alioufikia akapunguza mwendo: mwanafunzi afike Jumatatu kabla ya saa kumi jioni, atakayechelewa, nafasi yake itapewa mwingine. Baba akifika hapo, Chebet aliacha kutafuna.

Sijui kama mnakumbuka asubuhi za wakati ule. Tuliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, na kabla ya kwenda shule lazima uchume kikapu kimoja. Umande ulikulowesha mpaka kiunoni. Chai haichumwi kwa nguvu: majani mawili na kichipukizi, unavikamata kwa ncha za vidole na kuvikata hapo juu tu. Ukivuta, unaondoka na tawi, na ukiondoka na tawi mama alikuwa na maneno yake. "Chai haivutwi," alisema. "Ukitaka kuvuta, nenda ukang'oe viazi." Vidole vyetu vilikuwa vya kahawia kwa utomvu, rangi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na mwalimu wa usafi alitupanga mstari na kutuchapa kwa kosa la kuwa na mashamba. Ikifika saa nane mvua ilishuka, mara nyingine na mawe, ikapiga mabati ya darasa mpaka mwalimu akaweka chaki chini, maana hata angepiga kelele vipi asingesikika. Hapo tuliimba. Jioni tuliteleza juu ya magome ya migomba kwenye mteremko nyuma ya nyumba, sketi zikachanika, tukarudi kula ugali na mboga ya sagaa na mursik, maziwa ya mgando ya Kogo.

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama yake baba, na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka yetu. Vibuyu vyake vya mursik vilining'inia ukutani kwa mpangilio, na katikati yake ilining'inia sosiot, ile fimbo ya mkindu iliyopondwa ncha ikawa kama brashi, ambayo kwayo kibuyu husuguliwa ndani kabla ya kupakwa mkaa na kutiwa maziwa. Asiyekuwa wa kwetu huenda akaona ni kijiti tu. Sosiot ya Kogo haikugusa kitu chochote isipokuwa kibuyu. Haikuwekwa chini, haikushikwa na mtoto, na mama mwenyewe, mwenye watoto watano, alikuwa akiiomba kwa adabu.

Basi Ijumaa kabla ya ile Jumatatu, baba alikuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa, na jirani mmoja aliyekuwa nyuma yake kwa baiskeli akamfuata mpaka uani. "Baba Chebet," akamwambia, "ile taa yako ya kushoto haiwaki. Umekata kona kama mwizi."

Baba alicheka. Kisha akaacha kucheka. Ili kufika Sigor ilibidi tupitie njia panda ya Sotik, na pale alisimama askari mmoja wa trafiki aliyekuwa na kifimbo. Alilizunguka kila gari akigonga taa moja moja. Washa. Zima. Washa. Wiki hiyo hiyo alikuwa amelizuia lori la jirani yetu toka asubuhi mpaka jua likatua kwa sababu ya taa moja ya nyuma. Na gari lingine la kutufikisha kule kwa siku moja, tukiwa na sanduku na godoro, halikuwepo.

"Huyo mtu akitushika masaa tatu tu," baba alisema mezani usiku huo, "hiyo shule tutaisikia kwa redio."

Chebet aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi baba alienda mpaka nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, kwa fundi Otieno, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyejua gari kuliko wenyewe waliolitengeneza. Mimi nilikwenda naye. Tulimkuta akifunga mzigo. Alikuwa amefiwa nyumbani, na basi lilikuwa likimngoja barabarani.

"Mzee, mimi naenda kuzika, nitarudi Alhamisi," alisema. "Lakini hiyo si kazi ya fundi. Hiyo ni kazi ya mtu yeyote ako na mkono." Akafungua mkebe wa zamani wa kahawa, akatafuta, akampa baba balbu moja iliyofungwa kwa karatasi. "Ile imekufa usivute. Ukivuta itavunjikia ndani. Sukuma kidogo, zungusha kushoto, itatoka yenyewe. Hii mpya unaingiza, unasukuma, unazungusha kulia. Imeisha."

Baba alimpa pole tena, wakaagana. Basi lilipoanza kuondoka fundi akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Na ikikataa kuwaka, ujue ni kutu! Sugua holda mpaka ing'ae!"

Njia nzima ya kurudi baba aliirudia kama aya ya kukariri. "Palpu usivute. Sukuma, zungusha." Aliiita palpu, sisi sote tukaiita palpu, na hata leo nikikasirika ndivyo linavyonitoka mdomoni.

Jumapili baada ya ibada kazi ikaanza. Nasema kazi, lakini kwetu gari likifunguliwa ni mkutano. Walikuja majirani, wakaja wazee wa kanisa na suti zao, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyewahi kumiliki hata toroli. Mmoja alipendekeza tuanze kwa maombi. Mwingine alisema aliwahi kuona taa kama hiyo ikitengenezwa Nakuru, lakini hakumbuki mwisho wake ulikuwaje. Baba alilegeza misumari miwili ya parafujo kwa ncha ya kisu, akakitoa kile kioo cha rangi ya chungwa, akakiweka juu ya sahani ya mama kama kitu cha kuliwa.

Akaingiza mkono. Vidole vya baba vilikuwa vya mtu aliyechimba mitaro tangu ujana, vinene kama magunzi, na mle ndani palikuwa pembamba. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Jasho likamtoka.

"Unavuta!" mama akamwambia kutoka mlango wa jikoni. "Si fundi alisema usivute?"

"Sivuti, nashika."

"Unavuta, Baba Chebet. Naona mabega."

Baba akatoa mkono. Akatutazama sisi watoto, akatazama mikono yetu, mmoja mmoja. "Chelangat," akaniita, "kuja hapa. Wewe ndiye hung'oi matawi."

Nilijipangusa mikono kwenye gauni la kanisani, nikaingiza. Niliikuta balbu, laini na baridi. Nikaisukuma kwa ncha za vidole, nikasikia ndani kitu kinanirudisha nyuma taratibu, ni springi, nikazungusha kushoto, nayo ikaniachia yenyewe kama alivyosema fundi. Kioo chake kilikuwa kimefanya weusi. Wazee wakapiga makofi. Nikaitia ile mpya, nikasukuma, nikazungusha kulia. Niliona sasa mimi ni mtu mkubwa.

Baba akaingia ndani ya gari. "Inawaka?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado!" Safari hii walijibu wote, kwaya nzima.

Chebet alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati kwenye veranda, jina lake likiwa limepakwa rangi nyeupe pembeni na kaka yangu anayemfuata. Alikuwa anakunjua na kukunja soksi moja ya shule, na nikaona kwamba macho yake hayako kwetu wala kwenye gari, anaangalia barabara.

Nikachungulia ndani ya holda, kile kikombe cha shaba kinachoshika balbu. Palikuwa kijani na kahawia, kutu tupu. Lakini utaisugua na nini? Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, msasa haupo. Walijaribu gunzi la mahindi, halikuingia. Njiti za kiberiti zikavunjika. Mzee mmoja alileta msumari, baba akaogopa utatoboa. Nilikitazama kile kitundu, upana wake na kina chake, nikajua kitu kimoja tu katika boma letu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuingia mahali pembamba na kusugua ndani.

Kogo alikuwa bado yuko njiani kutoka kanisani, na wenzake wa rika, wakitembea hatua tano na kusimama kumi. Niliingia nyumbani mwake. Nilijua kabisa ninachofanya, msinitetee. Niliitungua sosiot ukutani nikaificha ndani ya sweta, nikarudi mbio.

Nilipoitoa, baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama nyuma, upande wa njia ya kanisani, kisha akainama karibu na sikio langu. "Sugua haraka," akasema.

Nilisugua. Unga wa kahawia ukamwagika juu ya viatu vyangu, na baada ya muda nikaona shaba ikichungulia, ikang'aa. Nikarudisha balbu, nikasukuma, nikazungusha. Baba akawasha. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ilimulika rangi ya chungwa juu ya gauni langu, ikazima, ikamulika tena, na wale wazee wenye suti wakapiga kelele kama watoto wa nasari. Chebet alishuka verandani akaja kusimama mbele ya ile taa, akacheka mpaka akalia. Mimi nilipangusa sosiot kwenye nyasi, nikairudisha mahali pake, nikadhani mambo yamekwisha.

Jioni Kogo alitaka kuandaa kibuyu kwa maziwa mapya. Akakisugua, akamimina maji, maji yakatoka ya kahawia na yenye harufu ya chuma. Kibuyu kikinywa harufu hakiitemi. Alitoka nje, kibuyu mkono mmoja na sosiot mkono mwingine, akasimama katikati ya uwanja.

"Ni nani?"

Baba yangu, mwanamume mzima mwenye pikapu, alitazama viatu vyake.

"Ni mimi, Kogo," nikasema. Nikamweleza yote, taa, kutu, askari na saa kumi, na kwamba bila hiyo nafasi ya Chebet ingepewa mwingine. Kwetu kulikuwa na makosa ya kuchapwa na makosa ya kutosemeshwa, na niliyaogopa zaidi hayo ya pili.

"Iko wapi hiyo taa?" akauliza.

Baba akawasha. Kogo hakuwahi kulijali lile gari. Alisema lina harufu na halizai. Lakini alilisogelea, akasimama, ile rangi ya chungwa ikawa inakuja usoni mwake na kuondoka. Kisha akasema, kwa lugha yetu, nami nawatafsiria: "Mkindu uko mtoni, nitakata nyingine. Shule haioti mtoni." Akanichapa mara moja kwenye mguu kwa ile ile sosiot, si kwa nguvu, akasema ni ili nikumbuke. Na muhula mzima nilimwoshea vibuyu vyake kila Jumamosi. Ndiyo maana mursik yangu hadi leo inaombwa harusini, na wenye wivu wanajua njia ya kuja kujifunza.

Jumatatu asubuhi Kogo alimnywesha Chebet mursik ya kibuyu alichokuwa amekifunga siku nne kabla, akamnyunyizia matone kifuani kumbariki. Tukaondoka. Baba, mama na Chebet mbele, mimi nyuma na sanduku na godoro. Kwenye njia panda ya Sotik yule askari akanyoosha kifimbo.

"Mzee, wapi na sanduku?"

"Napeleka mtoto shule, afande."

"Form One?"

"Ndiyo."

"Haya pita, mtachelewa."

Gari halikuondoka. "Afande," nikamsikia baba akisema, "hujaangalia indigeta."

"Nimesema upite."

"Ya kushoto iko sawa kabisa. Hebu zunguka tu uone."

Mama alimfinya ubavuni, niliona kupitia dirisha la nyuma. Yule askari alimtazama baba kama mtu anayemtazama mgonjwa, mwishowe akakata tamaa, akaja nyuma ya gari. "Inawaka, mzee. Nimeiona. Inawaka! Enda sasa!"

Mvua ilitukuta kabla ya Sigor, tukakwama mara mbili. Baba alipiga honi tatu kwa mazoea, lakini huko hakuna aliyeelewa lugha ya honi yetu, kwa hiyo tulisukuma wenyewe, mama na viatu vyake mkononi. Tuliliona lango la shule zikiwa zimebaki dakika kumi. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari mbele wala nyuma, ila ndama mmoja. Baba akawasha indiketa ya kushoto tukiwa bado mbali sana, akaiacha iwake njia nzima, na akaingia mle ndani polepole kama anaendesha gari la rais. Jina la Chebet likaandikwa kwenye daftari.

Tulikuwa bado tunashusha godoro wakati lango lilipofungwa. Punde si punde akatokea mzee mmoja nje, akisukuma baiskeli iliyofungwa sanduku la bati, na kando yake msichana wa umri wa Chebet, matope mpaka magotini. Yule mzee alipitisha barua katikati ya vyuma. Mwalimu mwenye daftari alitazama saa yake, akatikisa kichwa. Mzee akasema kitu, akavua kofia, akasema tena. Kisha akageuza baiskeli. Msichana hakulia. Alishika sanduku kwa nyuma lisianguke wakati baba yake anageuza, wakaondoka. Chebet alikuwa amesimama na godoro kichwani, akawatazama mpaka akaambiwa asogee. Njiani kurudi nyumbani, sifa zote nilizokuwa nimejiandalia kuhusu vidole vyangu zilinikauka mdomoni.

Sisi wa umri huu tuna tabia ya kusema zamani kulikuwa kuzuri, na mimi ni mwenyekiti wa chama hicho. Siku hizi kila boma lina gari, na hakuna anayejua honi ya jirani. Vioo vimepandishwa, watu wanapungiana mikono kama mabalozi. Chai mashamba mengine inakatwa kwa mashine, na vidole vya wasichana wetu ni safi, vina rangi ya dukani. Mvua ikinyesha darasani hakuna anayeimba, maana kuna dari. Mursik inauzwa kwenye chupa ya plastiki, na Kogo, Mungu amlaze pema, asingeipa hata paka. Hayo yote nayalilia, na nitaendelea kuyalilia. Lakini lile lango sililii hata kidogo.

Chebet sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, si ile aliyosomea, ila iko barabara ile ile ya Sigor. Siku ya kupokea wanafunzi wapya anabeba kiti chake mwenyewe na daftari, anakaa langoni. Na sisi ndugu zake wote wenye magari tunaitwa. Kuanzia saa tisa tunapita barabarani, huyu akipanda, yule akishuka. "Tafuteni masanduku kando ya njia," hutuambia. "Mtoto mtamkuta hapo karibu." Hiyo ndiyo safari nisiyoikosa, na ndiyo maana sikuweza kungoja fundi.

Balbu za sasa zenyewe ndizo za rangi ya chungwa, kioo cha nje ni cheupe, lakini kazi ni ile ile. Mercy alinimulikia kwa simu, akinirekodi ili awaonyeshe wenzake. Nilitoa iliyokufa, nikampa ile mpya aiweke yeye. Akaanza kuilazimisha kwa nguvu zote za chuo kikuu. Nikamwambia sukuma kwanza, ndipo uzungushe. Alipoona imewaka alipiga kelele kama wale wazee, na kesho yake akaacha simu zake akaja nami Sigor.

Tulizunguka mara tatu bila kuona kitu. Mara ya nne, saa kumi na mbili kasorobo, tukaona pikipiki imelala na gurudumu bila upepo, mwanamume ameinama juu yake, na msichana amekaa juu ya sanduku. Baba yake aliniambia walikuwa wanafikiria kurudi nyumbani, maana barua ilisema jioni na jioni ndiyo hiyo imeisha. Akasema yeye atabaki na pikipiki, nimtangulie na mtoto. Mercy akashika upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine, tukalipakia. Msichana akakaa nyuma, barua mkononi, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti.

"Aunty," akauliza, "lango linafungwa saa ngapi?"

"Ukishaingia," nikamwambia.